Moshi wa Kuni Kavu

Saa moja na nusu asubuhi, uani kwa mama, Muheza. Chai iko kwenye mafiga, jua limeshapanda juu ya michungwa ya jirani, nami nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Mkono unakuna, macho yako kwenye moshi.

Jiko la mama ni kibanda cha udongo kilichoezekwa bati. Siku ile alikuwa amewasha moto nje, hatua mbili mbele ya mlango, na ndani ya mlango mlikuwa na giza, kama ilivyo kwa jiko lolote lililokula masizi miaka mingi. Moshi ulipopita mbele ya lile giza ulikuwa wa bluu. Sisemi kijivu. Bluu ya kufifia, kama pindo la kanga iliyofuliwa miaka mitano. Kisha ukapanda, ukavuka ukingo wa bati, nyuma yake sasa kukawa na wingu jeupe linalong'aa, na papo hapo ukawa kahawia yenye umanjano, kama chai ya rangi iliyozidishwa maji.

Moshi uleule.

Nikasimama. Kipande cha moshi kilichokuwa kahawia kikashuka machoni pangu, kikawa mbele ya ukuta wenye kivuli, kikageuka bluu. Nikakaa, kikarudi kahawia. Nikasimama tena.

"Mama," nikamwambia, "huu moshi una rangi gani?"

Hakuinua hata kichwa. "Wa kuni kavu huo, mwanangu. Kuni kavu moshi wake mwembamba, rangi ya mbingu. Kuni mbichi ndizo zenye moshi mweupe, ule wa kukutoa machozi. Hebu kuna nazi, mihogo inaiva."

Nikakuna nazi. Lakini nilirudi Dar es Salaam na ule moshi kichwani, na hii ni wiki ya saba tangu siku hiyo. Nimeufikiria dukani, nimeufikiria kwenye daladala, nimeufikiria usiku umeme ulipokatika. Naandika ili niupange mahali.

## Rangi isiyo na dawa

Kazi yangu ni kanga na vitenge. Miaka kumi na minne sasa, Kariakoo, nakata majora na kuuza doti. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni moja: "Dada, hii inachuja?" Najibu kwa sababu najua rangi ni kitu gani. Ni dawa iliyoshika uzi. Ikiwa imeshika vizuri, kanga inadumu. Ikiwa haikushika, beseni la kwanza la maji linaiweka wazi.

Na dawa haibadiliki kwa kufuata kilicho nyuma yake. Kanga nyekundu ukiitundika mbele ya ukuta mweusi ni nyekundu, mbele ya ukuta mweupe ni nyekundu. Ndivyo nilivyoijua rangi maisha yangu yote.

Moshi wa mama haukuwa na dawa. Ungekuwa nayo, ungebaki na rangi moja kutoka kwenye mafiga hadi juu ya bati. Kilichobadilika ni kilichokuwa nyuma yake tu. Basi ile bluu ilikuwa ya nani?

## Jibu la darasani

Nilipokuwa mdogo tuliambiwa anga ni la bluu kwa sababu linaakisi bahari. Nilikubali bila shida. Tanga bahari ipo, anga lipo juu yake, vinafanana. Mtoto wa Tanga ataona nini cha kubishia?

Miaka mingi baadaye nikawa napeleka mzigo Dodoma. Anga la Dodoma mwezi wa sita ni bluu iliyokolea kuliko la kwetu, na kutoka pale hadi baharini ni safari ya siku nzima ya basi. Nilisimama stendi, nikatazama juu, nikaona kabisa kwamba hesabu haikai sawa. Sikuuliza. Nilikuwa na mizigo ya kushusha, na nilidhani maswali ya namna hiyo ni ya wanafunzi.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika jambo hili lote. Nilikuwa na ushahidi mkononi, nikauacha stendi.

Moshi wa mama ulinirudisha pale. Safari hii nikaanza kusoma.

## Kitambaa cheusi

Wa kwanza aliyenisimamisha ni Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 aliandika kwamba ukitaka kuona hewa inavyopata bluu yake, tengeneza moshi wa kuni kavu, uache upigwe na jua, na nyuma yake weka mahameli nyeusi isiyopigwa na jua.

Kuni kavu. Niliposoma maneno hayo niliweka simu chini, nikakaa kimya kidogo.

Miaka mia tano iliyopita, mtu ambaye hakuwahi kuiona Muheza alikuwa ametazama kitu kilekile, na alijua kwamba si kila moshi utafaa. Mama anajua hivyo hivyo kwa sababu ya macho yake na mapafu yake. Leonardo alifikiri pia kwamba bluu ya anga si rangi ya hewa yenyewe, ila ni vitu vidogo mno ndani ya hewa vinavyopokea jua huku nyuma yao kukiwa na giza.

Hapo nikauelewa mlango wa jiko. Juu ya hewa yetu kuna giza. Wanaanga waliosimama mwezini, ambako hakuna hewa, walikuwa na jua kali na juu yao anga jeusi tititi. Sisi tunaishi mbele ya mlango mweusi kama ule, katikati kuna hewa iliyopigwa na jua, na tunaitazama kutoka chini.

## Vumbi, au hewa yenyewe?

Lakini "vitu vidogo" ni vitu gani? Hili swali lilichukua watu wenye akili nyingi muda mrefu, na mimi nilikwama hapo wiki nzima.

Mwaka 1869, London, John Tyndall wa Royal Institution alijaza mvuke wa kemikali ndani ya bomba la kioo na kupitisha mwanga mkali. Mvuke ulianza kuganda kuwa chembe ndogo sana, na wingu lake la kwanza lilikuwa la bluu. Chembe zilivyozidi kukua, bluu ikafifia ikawa nyeupe. Kuni kavu na kuni mbichi, ndani ya bomba moja! Chembe ndogo kuliko wimbi la mwanga huchagua rangi. Chembe kubwa, kama matone ya maji katika moshi wa kuni mbichi au katika mawingu, hutawanya rangi zote karibu sawa, na jumla ya rangi zote ni nyeupe.

Mwaka 1871 akaja kijana wa miaka 28, John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Rayleigh. Yeye alileta hesabu. Mwanga ni mawimbi, na kila rangi ina urefu wake: bluu kama nanomita 450, nyekundu kama 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Rayleigh alionyesha kwamba kitu kidogo kuliko wimbi hutawanya mwanga kwa kiwango kinachopanda haraka sana wimbi linapofupika. Punguza urefu wa wimbi nusu, na mtawanyo unazidi mara 16. Kati ya nyekundu na bluu tofauti inatoka zaidi ya mara nne.

Bado hilo halikusema chembe zenyewe ni nini. Watu walifikiri vumbi, matone ya maji, chumvi ya baharini. Nami nilikuwa nimeshatulia hapo: sawa, ni vumbi. Jibu la vumbi linaridhisha. Kila mtu ameona vumbi likicheza kwenye mwali wa jua unaopenya tundu la bati.

Kisha nikafika kwenye barua.

Mwaka 1873 James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Scotland, alimwandikia Rayleigh kumuuliza kama ingewezekana kutumia kufifia kwa mwanga unaopita hewani kujua habari za molekuli za hewa, zile punje ndogo kabisa zinazoiunda. Yaani, tuseme hakuna vumbi hata kidogo: je, molekuli zenyewe zinatosha? Maxwell alifariki mwaka 1879. Rayleigh alilirudia swali lile mwaka 1899, miaka 26 baada ya barua, na mwenye swali alikuwa kaburini miaka 20.

Jibu lake: zinatosha. Ondoa vumbi lote, ondoa moshi wote, ondoa kila tone la maji, na anga litabaki bluu. Hewa safi yenyewe, naitrojeni na oksijeni, ndiyo inayotuletea rangi ile. Na hapo palikuwa na watu wazima, wasomi, ambao bado hawakuamini kwamba molekuli ni vitu vya kweli.

Nimewahi kukaa na swali wiki saba nikaona ni nyingi.

## Kinachotokea kwa molekuli moja

Hapa nataka kwenda taratibu, maana ndipo palipo na utamu.

Chukua molekuli moja ya naitrojeni. Ni ndogo kuliko wimbi la mwanga zaidi ya mara elfu. Wimbi linapoipitia, molekuli haioni wimbi zima, inaona mvutano tu wa umeme unaobadilika: huku, kule, huku, kule. Elektroni zake, chembe zenye umeme zilizo ndani yake, zinatikisika kwa mdundo uleule. Na kitu chenye umeme kikitikisika, nacho hutoa mwanga, wa mdundo uleule, kuuelekeza pembeni, juu, chini, kila upande. Haujagota na kurudi kama mpira. Molekuli imetikiswa, nayo ikatikisa.

Mdundo wa bluu ni wa haraka kuliko wa nyekundu, na mtikisiko wa haraka hutoa mwanga mwingi zaidi. Ndiyo hiyo hesabu ya mara nne.

Molekuli moja haifanyi kitu cha maana. Mwanga mwingi hupita bila kuguswa. Lakini katika sentimita moja ya ujazo ya hewa ya usawa wa bahari kuna molekuli kama 25 zenye sifuri 18 nyuma yake. Jua likiwa utosini, anga zima likiwa safi, hewa yote iliyo juu yetu hutoa njiani sehemu tu ya mwanga: katika kila sehemu 100 za bluu, karibu 20 hutawanywa, na katika nyekundu karibu 5.

Nilipofika hapa likanijia shaka jingine. Molekuli zikiwa nyingi kiasi hicho, mwanga wa huyu haufuti mwanga wa yule? Mawimbi mawili yanaweza kukutana na kuuana. Na kweli, kama molekuli zingepangwa sawasawa kabisa, kama nyuzi za kitambaa kilichofumwa vizuri, mwanga wa pembeni ungekufa karibu wote. Marian Smoluchowski wa Poland mwaka 1908, kisha Albert Einstein mwaka 1910, walilifanyia kazi jambo hili. Hewa haikufumwa. Molekuli zinakimbia ovyo, mahali hapa zimezidi kidogo, pale zimepungua kidogo, na kwa sababu ya fujo hiyo mwanga wa pembeni hausawaziki ukaisha. Unabaki. Ndio tunaouona.

Mimi ninayepima thamani ya kitambaa kwa usawa wa nyuzi zake, hilo lilinikaa moyoni siku kadhaa.

## Glasi ya maziwa

Jumamosi moja nilisubiri giza, nikachukua glasi ndefu ya maji, nikaweka matone manne ya maziwa, nikakoroga. Tochi ya simu nikaiweka kwenye ubavu mmoja wa glasi. Nilipotazama kutoka pembeni, nikitazama njia ya mwanga inavyokatisha majini, maji yalikuwa na ubluu hafifu. Nilipozunguka na kuitazama tochi yenyewe kupitia glasi, ilikuwa ya njano. Nikaongeza matone: rangi ya machungwa. Nikazidisha tena, ikawa maziwa tu, nyeupe.

Maziwa si hewa. Chembe zake za mafuta ni kubwa, kwa hiyo bluu yake ni dhaifu. Lakini pande mbili za hesabu zilikuwa mezani kwangu. Kilichotolewa njiani ni bluu, kilichobaki ni njano. Mwanga ulikuwa umechuja.

Neno hilo lilinitoka lenyewe, nikacheka peke yangu jikoni. Jua la magharibi limechuja. Linapogusa upeo, mwanga wake unapita katika hewa karibu mara 38 ya ile linayopita likiwa utosini. Bluu yote imeshamwagwa njiani, kwenye anga za watu wengine ambao kwao jua bado halijazama, na kwetu inafika nyekundu.

Na kwa nini anga si zambarau, wakati wimbi la zambarau ni fupi zaidi? Hili nililiuliza mapema, jibu lake ni fupi: jua hutoa zambarau kidogo kuliko bluu, sehemu yake hupungua huko juu, na macho yetu huipokea kwa unyonge. Mchanganyiko unaofika machoni tunausoma bluu.

## Miwani ya jirani

Jirani yangu wa duka la pili anauza miwani ya jua, na aliniazima moja ya zile zinazokata mng'ao. Namna ya kuijua ni rahisi: ivae, tazama simu yako, kisha zungusha simu polepole. Skrini nyingi zitaingia giza katika pembe fulani.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu alfajiri nilipanda juu ya jengo tunaloishi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka upande wa bahari. Nikatazama utosini, nikazungusha miwani mbele ya jicho moja. Anga likakolea, likawa kama nili. Nikazungusha robo ya mzunguko. Likafifia. Tena, likakolea. Nilipogeukia upande wa jua na kujaribu, hakuna kilichobadilika sana.

Sababu yake ni ule mtikisiko. Elektroni hutikisika kukatisha njia ya mwanga uliozipiga, na ukizitazama kutoka ubavuni, pembe mraba na jua, unauona mtikisiko wa upande mmoja tu. Mwanga unaokufikia umepangwa, na miwani ile huukubali au huukataa kwa kadiri ulivyoishika. Nyuki wanaliona hili bila miwani. Karl von Frisch wa Austria alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba nyuki wakiona kipande kidogo tu cha anga la bluu, wanajua jua liko wapi hata likiwa limefichwa.

Wale waliotuambia utotoni kwamba anga linaakisi bahari, nao nina la kuwaambia. Mwaka 1921 C. V. Raman wa India alikuwa melini akirudi nyumbani kutoka Ulaya, akavuka Mediterania na kushangazwa na bluu yake. Alikuwa na kifaa cha kufanya kazi ya miwani yangu, akakitumia kuondoa mwakisiko wa anga juu ya maji. Bahari ikabaki bluu. Kwa hiyo hata bahari haikuazima rangi yake yote kutoka juu. Udadisi ule ulimfikisha kwenye ugunduzi wa mwaka 1928, na Tuzo ya Nobel mwaka 1930.

## Mlima ulio mbali

Ukisimama barabarani Muheza asubuhi, Usambara ni ya bluu. Hakuna asiyejua kwamba milima ile ni ya kijani, imejaa miti, na ukiipanda kwenda Amani utakuta kijani tupu. Bluu ni hewa iliyo kati yako na mlima. Mlima ni mlango wa jiko.

Na mlima wenye theluji je? Rayleigh katika andiko lake la 1899 alitumia Everest, inayoonekana kutoka karibu na Darjeeling umbali wa kama kilomita 160, kupima hewa inavyokula mwanga. Sisi tuna mfano wa kwetu. Asubuhi safi, Kilimanjaro huonekana kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Ubavu wake mweusi unageuka bluu, na theluji yake, iliyo nyeupe ukiwa karibu, kwa mbali hupata umanjano. Giza limekuwa bluu, weupe umekuwa njano.

Mlango na wingu.

Mwezi wa nne mwaka 2020 zilisambaa picha za Mlima Kenya ukiwa nyuma ya majengo ya Nairobi, na wapo waliosema zimechezewa. Mlima uko kama kilomita 140 kutoka mjini na unaonekana siku hewa ikiwa safi. Nilivyowaelewa wale waliobisha! Tumezoea moshi na vumbi kiasi kwamba hewa yenyewe, ikiwa peke yake, inatushangaza.

## Nilipodhani nimemaliza

Wiki ya sita nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimewaeleza wauzaji wenzangu wawili na mteja mmoja aliyekuja kununua kitenge. Kisha wiki iliyopita nikaenda tena Muheza.

Jua lilikuwa limezama. Mama alikuwa ameshaswali Magharibi, amekaa barazani anasubiri Isha. Huku kwetu wazee huangalia ule wekundu wa upande wa magharibi, shafaki: ukiondoka, Isha imeingia. Mama ana saa, ana simu, ana adhana ya msikitini, lakini bado huinua macho.

Nami nikainua yangu, ila utosini. Anga lilikuwa bluu nzito, nzuri kupita ya mchana. Na nikashtuka.

Haikupaswa kuwa hivyo. Mwanga unaofika juu yetu baada ya jua kuzama umepita kiubavu katika hewa nyingi sana. Kwa hesabu yangu ulipaswa kuwa umechuja tayari. Hata ukitawanywa, umebaki na bluu gani ya kutoa? Utosini palipaswa kufifia, kuelekea manjano.

Nililala nayo. Asubuhi nikasoma, na nikakuta kwamba swali hilo lilijibiwa mwaka 1953 na Mmarekani aitwaye Edward Hulburt. Ni ozoni. Ile hewa adimu iliyo zaidi kati ya kilomita 20 na 30 juu yetu, tunayoisikia kwa habari ya miale hatari ya jua, hunyonya pia kidogo kidogo rangi ya machungwa na manjano. Mchana mwanga huivuka kwa mkato, haionekani kazi yake. Jioni mwanga hupita ndani yake kwa urefu, mamia ya kilomita, na ozoni huondoa ile manjano ambayo ingetawala. Kinachobaki ni bluu.

Basi bluu ya saa sita mchana na bluu ya saa moja jioni hazina mama mmoja. Ya mchana haina dawa, ni mtikisiko tu, mbele ya giza. Ya jioni, kwa sehemu kubwa, ni dawa. Ozoni hufanya kile kile ambacho dawa ya kanga hufanya kwenye uzi: hula rangi nyingine na kuiacha hii.

Miaka kumi na minne nauza rangi, na kila jioni nilikuwa nafunga duka chini ya kitambaa kilichotiwa dawa.

## Simu juu ya ndoo

Usiku ule wa shafaki, kabla sijalala, mwezi ulikuwa wa siku kumi na mbili, mkubwa, juu ya michungwa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mwanga wa mwezi ni mwanga wa jua uliogonga mwezi, na hewa haijui tofauti. Huutawanya vilevile. Macho yetu tu ndiyo hushindwa kuona rangi penye mwanga mdogo.

Niligeuza ndoo kifudifudi uani, nikaegemeza simu juu yake kwa jiwe, nikaiweka kwenye mtindo wa usiku na kuiacha ikusanye mwanga bila kuigusa.

Mama alitoka ndani, ameshamaliza Isha. Nikampa simu.

"Hii ya mchana," akasema.

"Ya sasa hivi, mama. Tazama, hizo ni nyota."

Alitazama picha. Akainua kichwa akatazama anga, jeusi lenye ukungu wa mwezi. Akarudi kwenye picha, akaisogeza karibu na uso. Lilikuwa bluu, si ya kubahatisha, na michungwa ilikuwa na kijani chake.

"Kumbe bado lipo," akasema polepole. Kisha: "Na sisi mbona hatulioni?"

Nikaanza kumweleza habari za macho, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja kuhusu paka ambalo sikuwa na jibu lake. Halafu akanirudishia simu na kunielekeza kwenye rundo lililokuwa kando ya kibanda.

"Haya, nisaidie kuingiza kuni. Umande ukizikuta nje, kesho tutalia."